Naomba ushauri: flashi gani ya haraka, imara na ya bei nzuri hapa Lubumbashi?

SautiYaKatuba (mwanzisha uzi)
Jambo bandugu. Natafuta flashi kubwa, yenye kasi, isiyokufa baada ya miezi michache. Ni ya kazi. Niko Katuba, naweza kufika mjini ama soko la komini yetu ya Kenya siku yoyote wiki hii. Mnaamini chapa gani? Nijibuni mapema, Jumapili lazima iwe tayari. Asanti.

Fundi_Kamalondo
"Kubwa" ni GB ngapi? "Kazi" ni kazi gani? Anayepeleka barua za Word sekretaria, kule wanakochapisha, na anayebeba video hawanunui kitu kimoja.

Kwa sasa shika hili: usidanganywe na rangi ya buluu ndani ya mdomo wa flashi, eti ndiyo alama ya USB 3 yenye kasi. Isogeze kwenye mwanga uchungulie. USB 2 ina vibati vinne tu vya kugusa. USB 3 ina vile vinne, halafu vingine vitano vidogo nyuma yake. Nimeshika nyingi zenye plastiki ya buluu na vibati vinne.

KasapaL2
Mimi nashauri usinunue kabisa, tumia Google Drive. Flashi yangu ilishika virusi sekretaria moja karibu na chuo. Nafika nyumbani, folda zote zimekuwa njia za mkato, nikibofya hakuna kitu. Kumbe faili zipo, zimefichwa tu. Rafiki alizirudisha kwa amri ya attrib. Nililia kabla sijajua.

Mama_Bel-Air
Google Drive kwa megabaiti za nani, mwanangu? Kupandisha video moja ya harusi ya binti yangu kulikula fofeti yangu ya intaneti ya wiki nzima.

SautiYaKatuba
Ni video na sauti, kama GB 300 hivi. Nimeona flashi ya TB 2 kwa dola 18, ya chuma, inang'aa, imeandikwa 3.0. Ndiyo maana nauliza chapa, nilinganishe tu.

Fundi_Kamalondo
Simama hapo hapo, ndugu yangu. TB 2 kwa dola 18 haipo popote duniani. Kingston walitoa flashi ya TB 2 mwaka 2017, nene kama kiberiti, na bei yake ilikuwa ya watu wenye pesa zao. Hizo za sokoni zina kumbukumbu ndogo ndani, GB 32 ama 64, na chipu inayoongoza imefundishwa kuidanganya kompyuta. Unanakili, unanakili, kila kitu kinaonekana kimeingia. Majina ya faili unayaona, kwa sababu orodha ya majina inakaa mwanzoni, kwenye kumbukumbu ya kweli. Ukifungua video ya mwisho, hakuna kitu. Ama imeandikwa juu ya zile za kwanza, ukazipoteza zote mbili.

Umeshalipa?

PapaLikasi
Vijana mnaamini sana plastiki. Sisi tulikuwa na kanda, tunaziweka ndani ya sanduku la bati na kipande cha kitambaa, mpaka leo zinalia. Kitu cha thamani hakifai kuzunguka mfukoni.

SautiYaKatuba
Papa, nakuheshimu, lakini redio ya kanda nitaitoa wapi?

Fundi, nimetoa avansi ya dola 8. Muuzaji si mtu wa barabarani, tunasali pamoja, na ameniambia nikipata shida nirudi. Tena tumejaribu kwake ya mfano kama hiyo: tuliweka nyimbo kumi, zote zikalia vizuri.

Fundi_Kamalondo
Nyimbo kumi ni MB 50! Hata flashi ya uongo kabisa inazimeza. Pengine muuzaji naye ameuziwa hivyo hivyo na hajui, simhukumu. Lakini jibu swali moja: hizo GB 300 ziko pengine popote zaidi ya hapo zilipo?

SautiYaKatuba
Ziko kwenye kompyuta ya kwaya.

Fundi_Kamalondo
Na nakala nyingine?

SautiYaKatuba
Hakuna. Na diski ya kompyuta imeanza kugonga, tak tak, halafu inanyamaza. Ndiyo sababu ya haraka. Pesa si yangu, ni michango ya mama wa kwaya, dola 60 jumla, na wameniamini mimi. Wanataka kitu kimoja kidogo ambacho mwenyekiti anaweza kwenda nacho nyumbani. Ndani yake kuna sauti ya mwalimu wetu wa kwaya, aliyefariki. Hatuna pengine pa kumsikia.

Mama_Bel-Air
Pole sana, mwanangu. Ungesema hivyo tangu mwanzo.

Mruashi
Mimi siamini. Kwanza ilikuwa "kazi", baadaye "nalinganisha tu", kumbe avansi imetoka, sasa kuna marehemu. Habari inakua kila anapoulizwa. Uzi wa namna hii nimeuona: mwisho wake mtu anatokea na namba ya duka lenye "flashi za kweli". Fundi na mwenye uzi ni mtu mmoja.

KasapaL2
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Weka picha ya flashi.

Fundi_Kamalondo
Mimi natengeneza kompyuta, siuzi flashi. Sijataja duka hata moja na sitataja.

SautiYaKatuba
Flashi haijafika mkononi mwangu, nitapiga picha ya nini? Sikusema mapema kwa sababu jambo la kwaya si la kuanika mbele ya watu nisiowajua. Lakini kwa kuwa umeniita mwongo, nikuambie. Kuna rekodi moja ya mazoezi, mvua inapiga mabati mpaka sauti za alto hazisikiki. Mwalimu anasimamisha wimbo, anasema "tungojeni, mvua nayo iimbe", watu wanacheka, na anaanza kutoa noti peke yake, polepole. Nani atakaa atunge hiyo ili kuuza flashi?

Mama_Bel-Air
Mruashi, mwache kijana. Habari ikiwa ya uongo, hasara yetu ni nini? Ikiwa ya kweli, kila saa mnayobishana diski inagonga.

Mruashi
Sawa mama. Naendelea kuwa na shaka, lakini nanyamaza.

Fundi_Kamalondo
Sasa sikiliza vizuri. Zima hiyo kompyuta, usiiwashe hata kusikiliza wimbo mmoja. Diski inayogonga kila ukiiwasha unaimalizia maisha. Siku ya kunakili, anza na rekodi za mwalimu, kisha nyingine.

Kuhusu flashi. Za kuaminika zipo: SanDisk Extreme Pro ya USB 3.2, kampuni inaitangazia hadi MB 420 kwa sekunde kusoma na 380 kuandika. Kingston DataTraveler Max inafika hadi 1,000 na 900. Samsung Bar Plus ni chuma kitupu, haina mfuniko wa kupotea, ila kuandika kwake ni kwa polepole kuliko hizo mbili. Usichanganywe na majina pia: USB 3.0, 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 ni kasi ile ile. Na kasi kwako si anasa. GB 300 kwa MB 20 kwa sekunde ni saa nne na zaidi, na delestaji yetu, huku kukatwa umeme kwa zamu, haitakungoja. Kwa MB 150 ni kama nusu saa, kama diski ya zamani inaweza kutoa kwa kasi hiyo.

Lakini kwa dola zilizobaki mkononi mwako, mimi nisingenunua flashi ya kubeba kila kitu. Ningetafuta diski ya nje iwe ghala, na flashi ya kweli ya GB 64 kwa zile rekodi za mwalimu, ikae kwa mwenyekiti. Sehemu mbili, nyumba mbili. Flashi inashika data kwa chaji ya umeme, ikilala kabatini miaka mingi bila kuchomekwa chaji inavuja. Na ufomati kwa mpangilio wa exFAT, ule wa FAT32 haupokei faili inayozidi GB 4.

Chochote utakachonunua, kipime kikiwa kitupu. Programu ya H2testw inajaza flashi nzima na kuisoma tena. Kwa TB 2 ingekula zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hiyo ya muuzaji wako ipime kwa programu ya ValiDrive: inagusa sehemu 576 zilizotawanyika, dakika chache tu.

SautiYaKatuba
Mama mweka hazina anasema tukikataa, avansi ya watu imepotea, na muuzaji ataona tumemwita mwizi. Nimempigia. Amekubali tuipime mbele yake kesho, lakini amesema pakiti ikifunguliwa hairudi.

Mama_Bel-Air
Basi isifunguliwe na wewe. Afungue yeye, kwa mkono wake.

KasapaL2
Samahani, naingilia. Ya Type-C inayoingia kwenye simu, je, mnashauri ipi?

Fundi_Kamalondo
Kasapa, fungua uzi wako, nitakujibu kule.

SautiYaKatuba, kompyuta ya kwaya ilete nayo kesho, ikiwa imezimwa, uipakate mapajani kwenye basi, si kwenye buti. Diski nitaitoa niichomeke kwangu. Fika kabla ya saa kumi, jenereta nazima giza likianza.