Ushauri: Mjane wa jumuiya yetu hawezi tena kuomba, tumsaidieje bila kumuumiza zaidi?

KiongoziJumuiya
Shalom wapendwa. Kwenye jumuiya yetu kuna dada wa miaka 38, mumewe alifariki ghafla kwa presha, sasa ni wiki ya saba. Ana watoto watatu, wa mwisho yuko chekechea. Yeye ndiye aliyekuwa akituongozea maombi. Sasa ibadani haji, Biblia kaifungia kabatini, na juzi akina mama walipokwenda kumwona aliwaambia, "Nilimwomba usiku kucha pale wodini, alikuwa wapi?" Mmoja akamjibu kwamba mwanamke wa imani hasemi hivyo. Tangu siku hiyo hafungui mlango. Shemeji zake nao wameanza maneno ya mali. Naomba hatua za kufanya. Maneno ya kutia moyo tumeshayamaliza yote.

Katekista_Mstaafu
Hatua ya kwanza: huyo mama aliyemjibu aende akaombe radhi, mwenyewe, bila msafara. Alichosema mjane wenu ndicho alichosema Martha, Yohana 11:21: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akayarudia yale yale mstari wa 32. Yesu hakumkemea yeyote kati yao, na mstari wa 35 tunamkuta analia. Naomi ndiyo kabisa, Ruthu 1:20 alitaka watu waache kumwita jina lake wamwite Mara, na hakuna aliyemfukuza Bethlehemu.

Pia acheni kumpelekea "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Hayo ni maneno ya Ayubu mwenyewe, aliyefiwa. Rafiki zake hawakumwambia. Wao walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa chini naye kimya (Ayubu 2:13), wakaharibu walipoanza kueleza sababu za msiba. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao.

Mbarikiwa_Tu
Mimi naona mnamlea. Paulo alisema tusihuzunike. Amshukuru Mungu kwa kila jambo, atafunguliwa.

Katekista_Mstaafu
Usome mstari wote, ndugu yangu. 1 Wathesalonike 4:13 inasema msihuzunike *kama na wengine wasio na matumaini*. Namna ya kuhuzunika ndiyo inayozungumzwa pale, kilio hakijakatazwa. Musa alipokufa Israeli walimlilia siku 30 (Kumbukumbu 34:8), na hakuna nabii aliyewaharakisha.

Dada_Zaburi
Kuhusu kuomba kwenyewe. Msimwambie aombe kama zamani, maana maombi ya zamani yalikuwa na mtu pembeni yake. Mpeni Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" imerudiwa mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Akiwa na daftari aandike sentensi moja kwa kila kipande, kwa maneno yake: Mungu, hata lini nitaamka saa tisa usiku naangalia upande wake wa kitanda? Ombi nalo liwe dogo, la siku hiyo hiyo: nipe usingizi, nipe ada ya mtoto, nipe nguvu ya kuongea na mwenye nyumba.

Mahali watu wanapoharibu ni kumlazimisha afike mstari wa 5. Kama leo ameishia wa 4, afunge daftari, kesho ataendelea. Zaburi ya 88 haifiki huko kabisa, inamalizia gizani, na imo kwenye Biblia hiyo hiyo. Siku ambayo hata kuandika kumemshinda, mtu mmoja wenu amsomee kwa sauti dakika tano, asimtake aitikie. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kukaa kimya kwake pia ni kuomba.

Ibadani akirudi, akae viti vya nyuma karibu na mlango pamoja na mwenzake mmoja, na muda wa nyimbo aruhusiwe kutoka nje. Mpunguzieni macho. Na msimrudishie uongozi wa maombi ili "apate shughuli".

Nesi_wa_Zamu
Mimi nauliza ya mwili kwanza. Anakula? Analala saa ngapi? Eliya alipotaka kufa chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19), malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, ndipo safari ikaendelea. Mahubiri hayakuwepo.

Ratiba yenu iwe hivi: watu wawili, siku moja ya wiki isiyobadilika, nusu saa. Msiulize "tukusaidie nini?", maana atajibu hakuna. Semeni "Jumanne nitampeleka mdogo chekechea" au fikeni na unga, mafuta na mkaa. Andikeni kwenye kalenda ya jumuiya siku ngumu: tarehe ya kifo kila mwezi, siku yao ya ndoa, Krismasi, na Januari shule zinapofunguliwa. Msiba wetu una watu wengi wiki ya kwanza, halafu maturubai yakishafungwa nyumba inabaki tupu. Wiki ya saba mpaka mwezi wa sita ndipo wanapohitajika.

Mpelekeni hospitali bila kungoja mkiona hivi: hali wala hanywi, ameacha dawa zake (za presha, kisukari, ARV), anakunywa pombe ili alale, au anasema heri amfuate mumewe. Hilo la mwisho muulizeni wazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo asiachwe peke yake, na dawa zilizomo ndani zitolewe. Na msimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kuelekezana.

Wakili_wa_Kata
Kwenye hilo la shemeji. Luka 18 Yesu anasifu mjane aliyemwendea kadhi tena na tena akisema "Nipatie haki na adui wangu." Kwa hiyo asiambiwe kwamba kwenda mahakamani ni kukosa imani.

Kwa Tanzania, mambo ya haraka: (1) Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, siyo kile kibali cha mazishi. (2) Cheti cha ndoa; kama kimepotea, daftari la kanisa lina kumbukumbu. (3) Linganisheni majina kwenye vyeti vyote na kitambulisho cha NIDA. "Yohana" huku na "John" kule kunakwamisha mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, inabidi kiapo cha majina. (4) Muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi wa mirathi. Asisaini karatasi ambayo hajaisoma, wala karatasi tupu.

Wanapokosea wengi ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikishughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mkristo asiyeishi kimila akifunguliwa huko, upande mwingine unaweza kuja kuuvunja uamuzi wote baadaye. Pawepo mwanasheria au msaidizi wa kisheria kabla ya kufungua. Tofauti ni kubwa: kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, inayotumika kwetu mpaka leo, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa sheria ya mila ya 1963 mjane huyo hana fungu lake, anaambiwa atunzwe na watoto. Ndiyo maana shemeji hupenda mila ghafla.

Na shemeji wakigusia kumrithi, yaani mmoja wao amchukue awe mke wake: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inamwacha huru kukaa anapotaka, kutoolewa, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. 1 Wakorintho 7:39 inasema karibu hayo hayo.

Dada_Zaburi
Niongezee la rambirambi. Daftari la waliotoa rambirambi akabidhiwe mjane pamoja na fedha, mbele ya mashahidi wawili, jumla isomwe. Zikiingia kwenye simu ya shemeji "kwa muda", huo muda hauishi.

Shemasi_Kijijini
Chungeni na manabii. Mjane wa ghafla ndiye wanayemtafuta: mumeo hajafa, yuko msukule, leta sadaka ya kujimaliza tumrudishe. Huwa linamnasa kwa sababu moyo wake unataka liwe kweli. Mjibuni kwa 2 Wafalme 4. Mjane mwenye deni alimwendea Elisha, mwia, yaani anayemdai, anataka wanawe wawili wawe watumwa. Elisha aliuliza, "Una nini nyumbani?" Akamwambia aazime vyombo, auze mafuta, alipe deni, kinachobaki ale na watoto wake. Nabii hakuchukua hata tone. Mtumishi anayeanza kwa kuuliza mjane ana shilingi ngapi, mfungieni geti.

KiongoziJumuiya
Nimeandika yote, Mungu awabariki. Swali la mwisho: ukoo unataka ibada ya shukrani ya kumaliza msiba wiki ijayo, na siku hiyo nguo za marehemu zigawanywe. Yeye hataki.

Katekista_Mstaafu
Ibada haina tarehe kwenye Maandiko, mchungaji anaweza kuisogeza, na ni afadhali tangazo litoke kwake kuliko kwa mjane. Akikubali baadaye, somo lisiwe la shukrani tupu, someni na Zaburi ya 13 yote.

Nesi_wa_Zamu
Nguo zisiguswe mpaka aseme mwenyewe. Shemeji wakishikilia, wapeni begi moja analochagua yeye, zingine zibaki kabatini. Kwanza mjane mwenyewe apekue mifuko yote ya nguo hizo: simu, kadi za benki na risiti za viwanja huwa zimo humo.