Ulinganisho: kasi kubwa au kashe kubwa? Naboresha kompyuta ya kurushia ndege, Mombasa

RubaniTudor

Salaam waungwana. Nataka kuboresha mashine yangu na nimefika njia panda. Sasa hivi nina prosesa ya Ryzen 5 3600 kwenye ubao wa B450, RAM ya DDR4 GB 16, na kadi ya picha ya RTX 3060 yenye GB 12. Narusha Microsoft Flight Simulator 2024, mchezo wa kuiga urubani: siku za kawaida ndege ndogo ya Caravan kutoka uwanja wa Moi hadi Manda, wikendi A320 hadi Jomo Kenyatta. Pwani yote, Kilifi mpaka Malindi, naruka raha mustarehe. Taabu ni Nairobi. Nikianza kushuka kuelekea njia ya kutua ya 06 picha inakatakata, na hapo ndipo mkono unatakiwa utulie.

Nina njia tatu. Ya kwanza, kuchomeka Ryzen 7 5700X3D kwenye ubao huuhuu. Ya pili, kuhamia AM5, soketi mpya ya AMD, moja kwa moja: 9800X3D, ubao mpya, RAM ya DDR5. Ya tatu ananisukumia rafiki yangu: Core i7-14700K, kipoza cha maji, halafu kuiovakloki, yaani kuipandisha kasi kupita ile ya kiwandani, mpaka ifike ukomo wake. Nimeweka akiba ya laki moja na nusu na sitaki kununua kwa kubahatisha. Chumba changu hakina AC.

FundiKongowea

Usitoe shilingi kabla hujajua mashine inakwama wapi. Kwenye mipangilio ya mchezo washa hali ya wasanidi, kisha ufungue kihesabu cha fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Chenyewe kitakuandikia kinachokuzuia: MainThread ni prosesa, GPU ni kadi. Hakikisha pia kwa njia ya pili. Ukiwa palepale kwenye kushuka Nairobi, punguza ukubwa wa picha inayochorwa hadi nusu. Fremu zikipanda, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki zilezile, kadi iache ilipo, hata mtu akikupa nyingine kwa bei nzuri.

RubaniTudor

Nimepima jana usiku. MainThread, na iko nyekundu. Nimeshusha picha hadi nusu, fremu hazikusogea.

BintBamburi

Basi jibu limeshaanza kujitokeza. Mchezo huu, na X-Plane 12 vilevile, una uzi mmoja mkuu wa kazi, ndio huo MainThread, ambao kazi nyingine zote huusubiri: mifumo ya ndege, msongamano wa uwanjani, vitu vya ardhini. Toleo la 2024 linagawa kazi kwa viini vingi vizuri kuliko lile la 2020, lakini uzi huo mkuu bado ndio unaoamua fremu inayofuata itoke lini. Muda mwingi unaopotea hapo si wa kukokotoa. Ni wa kungoja data itoke kwenye RAM. Data ikiwa ndani ya prosesa yenyewe, kwenye kashe (hifadhi yake ndogo ya kasi), kungoja kunapungua sana.

Angalia namba. 3600 yako ina kashe ya L3 ya MB 32, tena imekatwa vipande viwili vya MB 16, na kiini cha upande mmoja hakihifadhi chochote kwenye kipande cha upande wa pili. 14700K ina MB 33. 5700X3D na 9800X3D zote zina MB 96, kipande kimoja. Sasa tazama jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani: 5700X3D hufika GHz 4.1 tu, na 3600 yako hufika 4.2. Kwa kasi ya saa peke yake ungedhani unarudi nyuma. Lakini viini vyake ni vya kizazi kipya zaidi, vinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa, na kashe ni kubwa mara tatu. Kwenye urubani tofauti utaiona kwa macho, hasa kwenye zile fremu mbaya kabisa zinazokukata Nairobi.

MwanaKizingo

Mimi natetea i7. Ina viini 20, vinane vikubwa na 12 vidogo, na hufika GHz 5.6 bila kuguswa. Mtu akiwa anahariri video za safari zake, mashine hii inafanya kazi mbili kwa pesa moja. Na kuovakloki kuna elimu yake, yakhe: unaijua mashine yako ndani nje, unajua kila volti inakwenda wapi. Tena RAM ya kasi iliyorekebishwa vizuri inapunguza huko kungoja anakokusema dada hapo juu.

AmiChangamwe

Wanangu, nimekaa na kompyuta za watu wa mji huu muda mrefu, nami nitasema ya hapa.

Vipimo vyote mnavyoviona mtandaoni vimechukuliwa kwenye vyumba vya nyuzijoto 21 au 22. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba kisicho na AC hapa kinafika 32 mchana. Kipoza, kiwe cha feni au cha maji, hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Kwa hiyo ongezeni takriban nyuzijoto 10 kwenye kila namba mliyoiona. 14700K inaruhusiwa kula hadi wati 253 ikibanwa, na hapo hujaiovakloki. 5700X3D imepangiwa wati 105 na 9800X3D 120. Joto hilo lote linabaki chumbani mnamokaa.

Na kuovakloki kwa kuongeza volti kuna hesabu yake. Nguvu inayoliwa hupanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Volti ikiongezwa asilimia 10, nguvu inapanda kama asilimia 21 kabla kasi haijaguswa. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti iliyopita kiasi na kuchakaa, ikatoa marekebisho ya mikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) mwezi Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mtu akiinunua leo aweke BIOS mpya (programu ya ubao inayoiwasha mashine) siku hiyohiyo. Halafu soketi yake, LGA1700, imeshafungwa. Kizazi kilichofuata kimehamia soketi nyingine.

MwanaKizingo

Ami, la volti nimekubali. Lakini tusiizike ovakloki yote. 9800X3D imefunguliwa kizidishi cha kasi, yaani unaweza kuiovakloki, na AMD wameihamishia kashe chini ya viini badala ya juu, kwa hiyo joto linatoka moja kwa moja kwenda kwenye kipoza. Prosesa za X3D (zile zenye kashe ya ziada) za mwanzo hazikuwa hivyo, ndiyo maana zilifungwa. Kwa mtu mwenye pesa hiyo ndiyo ya kuchezea. Na si lazima upandishe volti: ukiipunguza kidogo kwa Curve Optimizer, mpangilio wa AMD kwenye BIOS, prosesa inapoa, na ikipoa inajipandisha yenyewe. Kwa joto la Mombasa hiyo ndiyo ovakloki yenye akili.

BintBamburi

Hapo tuko pamoja kabisa. Na 9800X3D ndiyo ningeichukua mimi kama ningeanza upya, maana AMD wameahidi kuendelea na AM5 mpaka 2027 na zaidi. Lakini kwa laki moja na nusu, prosesa hiyo na ubao wake na RAM mpya vitameza pesa yote. RubaniTudor atabaki bila UPS (betri ya dharura) na bila kipoza cha maana, kwenye chumba cha nyuzijoto 32. Sioni ndege ikiruka vizuri hivyo.

AmiChangamwe

UPS isisahauliwe. Umeme wetu ukikatika unaweza kurudi kwa kishindo, na pawa saplai ndiyo inayopigwa kwanza. Nunua UPS inayorekebisha volti na inayotoa wimbi laini la sine, kwa sababu pawa saplai nyingi nzuri za siku hizi zinagoma au kuzima zikipewa wimbi la ngazi ngazi. Usome wati, usidanganywe na VA (volti-ampea) iliyoandikwa kubwa mbele ya boksi.

Jingine ni chumvi. Kama dirisha linatazama bahari, usiweke mashine chini yake. Weka vichujio vya vumbi mbele, visafishwe mara kwa mara, kwa sababu vumbi likishika unyevu wa chumvi linakula miguu ya shaba na soketi. Na wenye AC wasikilize: mashine iliyozimwa ikapoa usiku kucha, ukifungua mlango asubuhi hewa ya nje yenye unyevu inaweza kuacha umande juu ya chuma. Ngoja ipate joto la chumba kabla hujaiwasha.

RubaniTudor

Ami, shukrani sana, na wote. Nimeamua 5700X3D, RAM GB 32, kipoza cha feni chenye minara miwili, na UPS. Kadi inabaki. Kitakachobaki nitakiweka. Kuna muuzaji ana prosesa iliyotumika. Niangalie nini?

FundiKongowea

Chaguo zuri. RAM GB 32 ndiyo wanayopendekeza watengenezaji wa toleo la 2024, na nunua vijiti viwili vya GB 16 vilivyouzwa pamoja, usichanganye na vile vya zamani. Ukishavipachika, washa XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, kwenye BIOS, la sivyo vitabaki kwenye kasi ya chini.

Prosesa za AM4 (soketi ya ubao wako) zina miguu upande wa chini, tofauti na AM5. Igeuze kwenye mwanga mkali, uitazame kwa ulalo safu moja baada ya nyingine. Mguu mmoja uliopinda utauona umetoka kwenye mstari. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na iachwe ikifanya kazi nzito kwa muda, si kuonyesha jina lake kwenye BIOS tu.

Na hili ulifanye kabla hujaing'oa 3600: sasisha BIOS ya B450 kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo. BIOS ya zamani haitaitambua 5700X3D, utabaki na skrini nyeusi. Mashine iwe kwenye UPS wakati huo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ubao unaweza kufa. Kwa hiyo anza na UPS, prosesa ije baadaye. Wakati unaisubiri, ukiruka Nairobi shusha kiwango cha undani wa ardhi na msongamano wa ndege za uwanjani. Vyote viwili vinauelemea uzi mkuu, na fremu zako zitapumua kidogo hata kwa 3600.