Ruzuku ya zahanati isiyotumika: huandikwa wapi mwaka mpya wa bajeti ukianza?

MwanaLikoni
Assalam alaykum wanajamvi. Niko kwenye kamati ya zahanati moja huku Likoni, jina siweki. Awamu ya mwisho ya ruzuku ya DANIDA (shirika la misaada la Denmark) haikuingia kwenye akaunti yetu, na Juni 30 imepita. Wenzangu wamegawanyika: wengine wanasema pesa imerudi Nairobi, wengine wanasema kuna mtu kaikalia. Mimi si mhasibu. Nitajuaje iko wapi bila kumtuhumu mtu?

KaraniMstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza usichanganye mambo mawili. Kuna pesa ambayo haikutoka Hazina Kuu kabisa, na kuna iliyofika kaunti ikalala. Ile ya kwanza hutokea sana. Ruzuku hizi zina sheria yake ya mgao wa nyongeza, na Seneti na Bunge la Taifa wakivutana, mwaka wakwisha pesa bado iko kwenye karatasi. Hapo kaunti utaidai nini?

Iliyolala ndiyo ya kufuatilia. Ruzuku huwekwa kwenye akaunti yake maalum Benki Kuu, haichanganywi na ada za kuegesha magari. Usiende kuomba "bajeti", utapewa kitabu kizima na hutapata kitu. Omba salio la akaunti hiyo lilivyosimama Juni 30.

hesabu_tu
Mzee kamaliza, naongeza kidogo. Fungua ripoti ya mwaka ya Mdhibiti wa Bajeti, sehemu ya Mombasa, utafute jedwali la ruzuku. Soma safu tatu: kilichotengwa, kilichopokewa, kilichotumika. Tuseme (mfano tu) zimetengwa milioni 10, zikapokewa 6, zikatumika 4. Watu hutoa 10 kwa 4 wakapiga kelele milioni 6 zimeliwa. Iliyolala ni 2 peke yake, ile 4 nyingine haikufika.

Sasa hiyo 2 itafute kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, mara nyingi ile ya nyongeza, kama salio la mwaka uliotangulia. Ukiona ruzuku "mpya" bila salio lolote, hapo una swali la maana. Kisha linganisha na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ingawa hiyo huchelewa.

MwanaLikoni
Kwa hiyo hairudi Nairobi?

KaraniMstaafu
Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 136, yasema idara iliyobakiwa na pesa mwaka ukifungwa huirudisha kwenye akaunti kuu ya kaunti, na taarifa hupelekwa kwa Mdhibiti. Lakini mkataba wa mfadhili nao usomwe, waweza kuwa na sharti lake.

MamaBakari
Ripoti zote hizo za Kiingereza, sisi wengine tufanyeje jamani?

hesabu_tu
Dada, barua ya kuomba taarifa waweza kuandika kwa Kiswahili, sheria ya kupata habari ya 2016 imeruhusu wazi. Kuwasilisha ombi ni bure, labda ulipie nakala. Ofisi uliyoiandikia ina siku 21 za kukujibu.

BwanaKisauni
Siku 21 za njoo kesho 😂 Utazungushwa mpaka viatu viishe.

hesabu_tu
Ndiyo maana unakwenda na nakala mbili. Moja waibakishe, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, mbele yako, kabla hujatoka mlangoni. Muda ukipita kimya, muhuri huo ndio unaoupeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Bila muhuri utaambiwa barua haikuonekana.

MwanaLikoni
Shukran sana. Niambatanishe na taarifa ya benki ya zahanati?

KaraniMstaafu
Ambatanisha, lakini itoe ya Aprili mpaka Septemba. Awamu ya mwisho yaweza kuingia Julai, nanyi mkawa bado mwaitafuta kwenye Juni.