Dani ya 10 ya karate ina maana gani, na nani anayeithibitisha?

Mzazi_Temeke

Ndugu wanamichezo, salaam.

Binti yangu anajifunza karate ya mtindo wa goju-ryu hapa Dar es Salaam, na mwalimu wake, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ana dani ya 3, yaani daraja la tatu la mkanda mweusi. Hivi karibuni imefunguliwa klabu nyingine mtaa wa pili kutoka kwetu, na kwenye bango lake kuna picha ya mkuu wa klabu akiwa amefunga mkanda mwekundu, huku maandishi ya chini yakimtambulisha kuwa ni mwenye dani ya 10. Kwa sura hajafikisha miaka arobaini. Nilipoingia kuuliza ada nilipokewa vizuri, nikaambiwa kwamba mtoto atafika mkanda mweusi ndani ya mwaka mmoja na nusu iwapo nitalipia mitihani yote kwa mkupuo.

Sina nia ya kumvunjia mtu heshima, ndiyo maana sitaji jina la klabu. Ninachotaka kufahamu ni kipimo kinachotumika katika dani hizi za juu. Je, mwenye dani ya 10 anapigana vizuri kuliko mwenye dani ya 3, au anajua mengi zaidi, au ni mtu aliyekaa muda mrefu zaidi tu? Na mzazi ambaye hajawahi hata siku moja kuvaa gi, yaani vazi la mazoezi, atajuaje kama cheti anachoonyeshwa kina uzito?

Judoka_Mstaafu

Ndugu mzazi, swali lako litaeleweka vizuri zaidi tukianzia dani zilikoanzia. Kano Jigoro alianzisha Kodokan, shule mama ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa dani ya kwanza wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Utaratibu wenyewe aliuazima kwa wachezaji wa go, ule mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe, ambao walikuwa wakipangwa kwa dani tangu karne ya 17. Karate, iliyotoka visiwa vya Okinawa kusini mwa Japani, haikuwa na dani mpaka mwalimu wa huko Funakoshi Gichin alipohamia Tokyo, akafahamiana na Kano, na mwaka 1924 akatoa dani za kwanza za karate kwa wanafunzi wake.

Kwa upande wa goju-ryu anayofundishwa binti yako, kuna jambo ambalo hata baadhi ya walimu wetu hawalisemi. Mwasisi wake, Miyagi Chojun, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake yeyote dani. Kwa hiyo kila dani ya goju-ryu unayoiona leo, iwe ya 1 au ya 10, imetolewa na chama kilichoundwa na wanafunzi wake au na wanafunzi wa wanafunzi wake, na vyama hivyo ni vingi, kila kimoja kina wakuu wake, na hakuna kinacholazimika kutambua cheti cha kingine. Hilo halizifanyi dani zao kuwa za uongo. Linamaanisha tu kwamba mtu hana dani ya 10 ya karate. Ana dani ya 10 ya chama fulani, na ukiambiwa namba bila kutajiwa chama, hujaambiwa kitu.

Hata judo, ambayo ina shule mama moja, haikuepuka jambo hili. Kodokan imekuwa bahili mno na dani ya 10: ilipowapandisha watatu kwa pamoja mwaka 2006, waliowahi kuifikia tangu mwanzo walikuwa 15 tu. Lakini Anton Geesink wa Uholanzi, aliyewanyamazisha Wajapani kwao kwa kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alipewa dani ya 10 na Shirikisho la Kimataifa la Judo mwaka 1997, na katika hesabu ya Kodokan hayumo. Mtu yule yule, uwezo ule ule, madaftari mawili.

Sasa kuhusu kipimo. Katika vyama vingi vyenye utaratibu, dani za mwanzo, hadi ya 4 au ya 5, hupatikana kwa mtihani wa jasho: unaonyesha mbinu, unafanya kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) mbele ya jopo la watahini, unapigana. Kuanzia hapo uzito huhamia kwenye miaka uliyotumikia mchezo, wanafunzi uliowalea, mitihani uliyosimamia, na utafiti wako katika mbinu. Kwa hiyo swali lako la nani angemshinda nani lina jibu jepesi: kijana wa miaka 25 mwenye dani ya 3 anaweza kabisa kumwangusha mzee wa miaka 75 mwenye dani ya 9, na hakuna judoka, yaani mcheza judo, atakayeona ajabu. Mzee yule hakupewa dani ya 9 kwa kuangusha vijana.

Hapo ndipo mwanya wa ulaghai unapofunguka, maana mtihani wa jasho una mashahidi, lakini utumishi wa mtu hupimwa kwa maneno ya wenzake. Wapo watu, hasa Marekani, waliounda mabaraza ya waasisi ambamo kila mjumbe humtambua mwenzake kuwa mwasisi wa mtindo wake mwenyewe na kumkabidhi dani ya 10, naye akatambuliwa vivyo hivyo wiki inayofuata.

Mkaazi_wa_Nagoya

Naomba nimwongezee mzee hapo juu, kwa sababu maelezo yake yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba dani za juu lazima ziwe za heshima tu. Mimi nafanya kendo, mchezo wa upanga, huku Japani, na kwetu mambo yako kinyume kabisa. Shirikisho la Kendo la Japani halitoi tena dani ya 9 wala ya 10. Ziliondolewa mwaka 2000, na ya 8 ndiyo kilele. Kuiomba tu ni lazima uwe na umri usiopungua miaka 46 na uwe umekaa miaka 10 kwenye dani ya 7. Baada ya hapo unapigana, mzunguko wa kwanza na wapinzani wawili, na ukivuka, mzunguko wa pili na wengine wawili, kisha ndipo ije kata. Wanaofaulu ni takriban asilimia 1. Niliwahi kukaa jukwaani kutazama mtihani huo, na kilichonishangaza ni ufupi wake: takriban dakika mbili kwa kila pambano, na mtu aliyeshika upanga wa mianzi tangu akiwa mtoto anaambiwa kwa namba iliyobandikwa ukutani kama amepita au hakupita. Wazee wa miaka sabini huangalia ubao ule, hukunja mizigo yao, na mwaka unaofuata hurudi.

La ajabu ni kwamba kendo haina mkanda wa cheo. Ukiingia ukumbini humjui mwenye dani ya 8 kwa mavazi. Utamjua akishasimama mbele yako.

Mkanda_Buluu

Nakubaliana na wote wawili, ila nina wasiwasi na neno "miaka". Kwenye jujitsu ya Brazil, ambayo ndiyo ninayofanya, shirikisho kubwa la kimataifa limeweka ratiba ambayo kila mtu anaweza kuikokotoa: kila moja ya digrii (ndizo dani zetu) tatu za mwanzo za mkanda mweusi inahitaji miaka 3, kila moja ya tatu zinazofuata miaka 5, ya saba miaka 7, ya nane miaka 7, na ya tisa, ambayo ndiyo mkanda mwekundu, miaka 10. Jumla ni miaka 48 tangu ulipofunga mkanda mweusi, na mkanda mweusi wenyewe hautolewi kabla ya umri wa miaka 19. Kwa hesabu hiyo, mtu wa chini ya miaka 67 hawezi kuvaa mkanda mwekundu kwa njia ya kawaida. Sisemi ratiba hii inahusu karate, maana haihusu, lakini inampa mzazi wetu kipimo cha kutazamia: mkanda mwekundu kiunoni mwa mtu asiyefika arobaini unahitaji maelezo, popote pale.

Faida ya ratiba ni kwamba haijui sura ya mtu. Hasara yake ni kwamba haijui chochote kingine pia, na anayeishi sana akilipa ada zake atapanda.

Tusisahau pia dani zinazotolewa kwa sababu za kisiasa. Mwaka 2013 shirikisho la dunia la taekwondo, mchezo wa mapigano wa Korea, lilimpa Vladimir Putin dani ya 9 ya heshima, kisha likamvua mwaka 2022 baada ya uvamizi wa Ukraine. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, nayo ilimpa Donald Trump dani ya 9 ya heshima mwaka 2021. Wenye dani ya 9 ya kweli huko Korea waliipata kwa kungoja mwaka 1 baada ya dani ya 1, miaka 2 baada ya ya 2, na muda ukizidi kuongezeka hadi miaka 9 baada ya ya 8. Inapotolewa kama shada la maua kwa mgeni wa serikali, chama kinawaambia wanachama wake jambo ambalo sidhani kilikusudia kulisema.

Judoka_Mstaafu

Kabla mjadala haujaelekea kwenye kugawa dani kiholela peke yake, nikumbushe kwamba cheo hupoteza heshima yake hata kinapozuiliwa. Keiko Fukuda, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1913, alikuwa mjukuu wa mwalimu aliyemfundisha Kano mwenyewe jujitsu. Alifundisha judo maisha yake yote, miaka mingi akiwa San Francisco, lakini Kodokan ilimwacha kwenye dani ya 5 kwa muda mrefu mno kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mwanamke. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo alipopandishwa hadi ya 6, baada ya watu kuandika barua za kumtetea. Dani ya 9 ya Kodokan aliipata mwaka 2006, na ya 10 aliipewa na chama cha judo cha Marekani mwaka 2011, akiwa na miaka 98. Ukiuliza kwa nini sikubali kwamba namba ndogo ni dalili ya uwezo mdogo, nitakuonyesha miaka ile aliyokaa kwenye dani ya 5.

Mzazi_Temeke

Nawashukuru sana. Kwa kufuata maelezo yenu nilirudi kwenye ile klabu mpya, nikaomba kwa adabu kuviona vyeti. Vipo, vimewekwa kwenye fremu nyuma ya meza. Cheti cha dani ya 10 kimetolewa na baraza lenye neno "dunia" ndani ya jina lake, na sanduku la posta lililoandikwa chini yake ni lile lile lililoko kwenye risiti za klabu. Cha dani ya 7 na hicho cha 10 ni vya mwaka mmoja. Nilipouliza nani alimfundisha hadi dani ya 1, nilijibiwa kuwa mkuu amepita mikononi mwa walimu wengi.

Mwalimu wa binti yangu yeye hana fremu. Alitoa faili la plastiki kutoka kwenye begi la gi, na ndani yake mlikuwa na vyeti vitatu vyenye muhuri mwekundu wa Kijapani na namba ya usajili, kimoja kikiwa na doa la maji ya mvua pembeni. Kati ya cha kwanza na cha tatu imepita miaka mingi, na baada ya hapo hakuna kingine. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Kwa nini mtu anayefundisha kila siku abaki kwenye dani ya 3 hadi uzeeni?

Sensei_wa_Pwani

Ndugu mzazi, hapo niachie mimi, kwa kuwa nami ni wa goju-ryu, hapa Mombasa, na suala hilo linanigusa. Katika vyama vingi vyenye makao Japani, dani za mwanzo zinaweza kusailiwa na mwakilishi aliyepo nchini au kanda hii, lakini kuanzia ya 4 au ya 5 ni lazima usimame mbele ya jopo la wakuu. Jopo hilo hukaa Japani, au huja mara chache kwenye kambi za kimataifa za mafunzo, ambazo nyingi hufanyika Ulaya. Hesabu nauli, viza, malazi, ada ya mtihani, kisha ada ya pili ya kusajili cheti ukifaulu. Mwalimu anayekodi ukumbi wa shule na kulipwa na wazazi kwa mwezi, wengine wakiwa nyuma miezi miwili, atapata wapi fedha hizo? Wengi wetu tumesimama pale nauli ilipotusimamisha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwa kweli hata kibaya hujitembeza kwa nauli ndogo kuliko ile ya kwenda Okinawa.

Hata hivyo, nisimtetee mwenzangu kupita kiasi, kwa sababu dani ya 3 yenye muhuri halali nayo haithibitishi kwamba mtu anajua kufundisha watoto. Kaa pembeni darasani jioni mbili tatu. Tazama kama ana wanafunzi wa mkanda wa kahawia waliodumu naye, kama wakubwa wanawazuilia ngumi wadogo wakati wa kumite, yaani mazoezi ya kupigana, na kama mtoto aliyeshindwa mtihani anaambiwa ameshindwa.

Kuhusu binti yako na mkanda mweusi, huna haja ya haraka. Katika taekwondo, Kukkiwon haimpi mtoto wa chini ya miaka 15 dani kamili. Humpa daraja la watoto liitwalo poom, lenye mkanda nusu mwekundu nusu mweusi, na vyama kadhaa vya karate vina mkanda mweusi wa watoto wenye masharti ya namna hiyo. Muulize mwalimu wako chama chake kinasemaje juu ya umri, na namba zilizo kwenye vyeti vyake ziandikie makao makuu ya chama hicho moja kwa moja. Wana daftari la usajili, na mwalimu mwenye cheti halali hatachukizwa ukimwambia umeuliza. Ile ada ya mkupuo usiilipe, kwa sababu anayekutoza leo kwa mtihani wa mwaka kesho ameshaamua kwamba mtoto atafaulu.