Ardhi nzuri ni ipi, inayopendeza macho au inayojaza ghala? Mimi niko na Cobbett

Wadau, kuna hoja imeletwa kwamba Waingereza wa karne ya 18 na 19 waliozunguka mashambani wakiandika safari zao walikuwa kambi mbili tu, waliopima ardhi kwa uzuri na waliopima kwa faida, so tuchague moja. Mimi sichagui, maana zote mbili hazikumweka mbele mtu anayelima, ndo maana niko na wa tatu, mwandishi William Cobbett.

Wa uzuri ni kasisi William Gilpin, alishuka mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales, 1770 na kitabu kikatoka 1782. Kwake shamba lililolimwa kwa mpangilio linaharibu mandhari, na magofu ya Tintern Abbey, monasteri ya zamani kando ya mto huo, akasema kuta za juu zinaudhi macho, nyundo ikitumika kwa akili ingezivunja kidogo zipendeze. Hapohapo kwenye magofu kuna mama mgonjwa hata kutembea shida akampeleka kwenye kibanda chake, Gilpin akakiona, akakiandika, afu akaendelea na safari yake ya kutafuta mandhari!

Wa faida ni Arthur Young, mwandishi wa mambo ya kilimo, kuanzia 1768 anaandika kodi ya shamba, mavuno, mshahara wa kibarua, bei ya mkate. Na msimwite mtu wa hesabu tu, alipofika kwenye eneo la maziwa na milima kaskazini mwa Uingereza alisisimka kabisa mpaka akataka njia zichongwe kwenye miamba watu wapande waone vizuri. Shida yake ni kwamba alipigia debe sana ardhi ya malisho ya wote izungushiwe uzio igawiwe iwe mali ya watu binafsi, uzalishaji upande. Ukapanda kweli. Lakini 1801 mwenyewe akaandika kwamba katika sheria 20 za kugawa hivyo, 19 zimewaumiza maskini, na maskini ana haki ya kusema nilikuwa na ng'ombe, bunge limeninyang'anya.

Sasa Cobbett, 1826 anapita na farasi bonde la mto Avon kule Wiltshire, kusini mwa Uingereza, analisifia kwa uzuri, anahesabu chakula kinachotoka pale, halafu anauliza mbona wanaokizalisha ndo wenye njaa kuliko wote? Yani uzuri anauona, faida anaiona, na bado anakasirika, na hasira hiyo mimi naiona ya haki kabisa.

Anayemtetea Young aje, ila asianze na magunia ya ngano jamani, aanze na mshahara wa kibarua na bei ya mkate, si Young mwenyewe alikuwa anaviandika vyote kila alipopita?