Marantz 2230, Pioneer SX-780 au Yamaha CR-620: ipi ya kusikilizia santuri?

Mwana Ngamiani
Habari za jioni wakubwa. Marehemu baba kaniachia kasha zima la santuri za Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarabu, pamoja na spika mbili za mbao. Risiva yake, ile redio yenye kikuza sauti ndani, iliungua zamani. Sasa kuna bwana hapa Tanga anauza tatu hizo. Chumba changu si kikubwa, na muda wangu wa kusikiliza ni usiku, watoto wakishalala. Nataka sauti, mapambo baadaye. Nichukue ipi?

Gitaa la Pwani
Pioneer, bila kufikiri mara mbili. Wati 45 kila upande. Yamaha ina 35, Marantz 30 tu. Weka bendi ya Atomic Jazz, gitaa la besi litakugonga kifuani.

Bi Chumbageni
Mwanangu, wati zisikubabaishe. Kutoka 30 hadi 45 ukubwa wa sauti unaongezeka kwa desibeli zisizofika 2, kitu kidogo sana, na kwa chumba chako hata hizo 30 hutazimaliza. Mimi ninayo 2230. Besi yake nono, inachelewa kidogo, na juu kabisa imelainishwa. Lakini ina kirungu cha kuzungusha cha sauti za kati peke yake, mbali na besi na trebo, yaani sauti nyembamba za juu. Nikikipandisha kidogo tu, mwimbaji Shakila anatoka kwenye spika kama kasimama mlangoni, hata pale anapovuta pumzi kabla ya ubeti nasikia. Kwa taarabu sijaona ya kuishinda.

Fundi Makorora
Shikamoo Bi Chumbageni. Zote tatu nimeshazifungua, na kwa matumizi ya huyu ndugu naipa Yamaha. Sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi kwanza, na trebo nayo hupungua. Marantz na Pioneer zina kitufe cha kurudisha hizo, lakini ni cha kuwasha au kuzima tu. Yamaha imeweka kirungu, unazungusha kadiri unavyotaka. Usiku ndipo utakapoiona tofauti.

Pioneer ni nzuri, ila transista zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimefungwa pamoja ndani ya kipande kimoja kila upande, STK-0050. Kikiungua, cha asili hukipati kirahisi, na bandia zimejaa.

Jambo kubwa kuliko chapa ni hali ya mashine. Upepo wetu wa bahari unakula swichi. Upande mmoja ukikaa kimya, usikimbilie kusema imekufa: zima umeme, swichi ya kanda, ile ya kusikilizia kinasa sauti, ichezeshe mara kumi, kumi na tano, halafu washa tena. Soma na kibao cha nyuma. Kikiandika volti 120 pekee, ni ya Marekani. Ukiichomeka kwenye 230 yetu utaiunguza. Na spika za mzee usizitangulize, jaribu kwanza na za bei rahisi.

Bi Chumbageni
Marahaba fundi. La swichi ni kweli kabisa, yangu huifanyia hivyo kila masika.

Mwana Ngamiani
Nimetoka huko sasa hivi, nilikwenda na santuri yangu moja. Pioneer inakwaruza kila nikigusa volyumu. Marantz kweli tamu, mama, ila kibao kinasema 120. Yamaha ilikuwa kimya upande wa kushoto, muuzaji mwenyewe kaishusha bei kwa sababu hiyo. Nikaizima, nikaichezesha swichi ya kanda kama fundi alivyosema. Mara ya pili kuwasha, kushoto pakaitika. Ipo kwangu mezani, nasubiri watoto walale.