Ziwa Ellis, Shipton's au Mackinder's: wapi tupige hema Agosti, tunatoka Mombasa?

BabaSalim_Msa
Hamjambo nyote. Mie na familia tuko Kisauni, na shule zikifungwa Agosti nataka niwapeleke Mlima Kenya: mie, mamake Salim, Salim mwenyewe ana miaka 14, na shemeji yangu ambae ndie mwenye gari, Prado ya zamani lakini fowili yake yashika. Kileleni hatuendi, nia ni kupiga hema mahali pa juu palipo mbali na watu, tulale siku mbili, tutizame nyota, turudi. Siku zote pamoja na barabara ni sita. Nimeuliza uliza nimebaki na pahali patatu.

Ziwa Ellis upande wa Chogoria, kama mita 3,450, nasikia gari lafika mpaka karibu na maji. Shipton's upande wa Sirimon, mita 4,200, hapo watembea siku mbili. Na Mackinder's upande wa Naro Moru, nayo pia 4,200.

Moyo wangu uko Ellis kwa sababu ya gari, twatoka Mombasa magharibi, alfajiri tuko Nairobi, jioni tushapiga hema. Walokwenda nipeni ukweli, wapi kuzuri zaidi na hiyo baridi ni ya aina gani, sisi hapa nyuzi 22 tushajifunika blanketi.

MtuWaNkubu
Karibu Kirimaara, ndio sisi Wameru tunauita. Nimelala zote tatu na Ellis nimeenda mara nyingi hata sihesabu tena. Kwa kukaa tu na familia bila kukimbiza kilele, Ellis ndio yenyewe. Shipton's iko na ukuta wa Batian na Nelion, vile vilele viwili virefu zaidi, umekusimamia hapo usoni, hakuna kitu kama hio kwa huu mlima wote, lakini ni kituo cha watu wa Lenana, kile kilele cha watembeaji, saa nane usiku unasikia zipu za mahema, watu wanaamka, maporta wanachemsha chai, tochi kila mahali, kama ulienda kutafuta kimya utakikosa. Mackinder's ni hivyo hivyo na kuifikia lazima upite ile Vertical Bog, tope na mafungu ya nyasi, unarusha mguu kwa fungu hili, lile lingine linakuangusha, masaa mawili matatu za hivyo na mvua ikikupata hapo utalia. Mtoto wa 14 ataweza, mama ataweza, lakini hamtakumbuka uzuri mtakumbuka viatu.

Ellis asubuhi unafungua hema turubai imekuwa ngumu kama kadibodi kwa sababu ya barafu, unatoka, ukungu unapanda kutoka kwa maji kama mvuke wa sufuria, na hakuna mtu. Trauti wako humo ndani, ukitaka kuvua uliza leseni hapo getini. Alafu mkitaka kutembea kuna Nithi Falls chini hapo, na wenye miguu wanaweza panda Mugi Hill waangalie Gorges Valley.

Shida yake ni barabara. Kutoka Chogoria mjini hadi geti ni zaidi ya kilomita 20 za msitu na mianzi, ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Gari moja peke yake siipendi, lakini kama ni lazima bebeni kamba, jembe na mbao mbili za kuwekelea tairi.

Sista_Zamu
BabaSalim, samahani naingilia kabla hujapenda Ellis zaidi. Mimi ni muuguzi, kaunti yetu iko chini ya huu mlima kwa hivyo tunawapokea wakishuka wakiwa wagonjwa. Hio ratiba yako sijaipenda hata kidogo. Unatoka baharini mita sifuri, usiku mzima hamjalala kwa gari, na jioni yake unalaza mtoto mita 3,450. Huko juu kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu za hewa uliyozoea Kisauni.

BabaSalim_Msa
Dada yangu nashukuru, lakini ndo maana nikachagua gari. Hatutembei, hatuchoki, hatubebi mzigo. Si afadhali kuliko wale wa Shipton's wanaopanda na mabegi mgongoni?

Sista_Zamu
Hapana baba, hapo ndipo watu wengi wanakosea. Anayetembea, miguu yenyewe inamchelewesha, kwa hivyo mwili unapata siku moja mbili za kuzoea. Gari halikupi hio nafasi, linakunyanyua tu na kukuweka. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii kama umechoka ama hujachoka, wala kama una nguvu, kijana mwenye mbio ndio anaanguka wa kwanza saa zingine. Unachohesabu ni ULILALA WAPI jana na unalala wapi leo. Ukipita mita 3,000 jaribu usiongeze zaidi ya 300 hadi 500 kwa usiku mmoja.

Ukiangalia hivyo hizo sehemu zako tatu zinabadilika kabisa. Met Station, kambi ya kulala kabla ya Mackinder's, iko 3,050 na Mackinder's 4,200, yaani mita 1,150 kwa siku moja. Old Moses, kambi ya kabla ya Shipton's, iko 3,300 na Shipton's 4,200, hio ni 900. Hizo mbili zote ni nyingi kwa mtu wa pwani. Ellis ndio ya chini kuliko zote, kwa hivyo sikukatazi Ellis, nakukataza kufika Ellis siku ya kwanza.

Mgumu_wa_Marangu
Wakuu habari za Kenya. Mimi ni mgumu, yaani porta, Kilimanjaro, nabeba mizigo miaka mingi sasa, nimeona huu uzi nikasema nisipite kimya. Huku kwetu huwezi kujiendea tu na familia ukapige hema, lazima kampuni na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo nyinyi mna uhuru ambao ni mzuri ila unamwachia baba wa familia kazi ya kuangalia watu wake mwenyewe.

Naongezea alichosema sista. Mtoto wa baba yangu mdogo alitoka Dar kuja kututembelea, nikampandisha hadi Horombo, mita 3,720, na tulikwenda haraka kwa sababu siku zake zilikuwa chache. Jioni akasema kichwa, nikamwambia kunywa maji. Hakula. Saa nne usiku nikamwona amekaa mlangoni anahangaika na zipu ya jaketi, anaishika, inamponyoka, anaishika tena, na anaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Nikamsimamisha nikamwambia tembea, kisigino kiguse kidole, hatua kumi kwenye mstari. Ya tatu akaenda upande. Sikusubiri asubuhi. Tulishuka usiku huohuo wenzangu wawili wakinisaidia kumshika, tulipofika Mandara, kambi ya chini yake, alikuwa anaongea vizuri, na ameomba uji.

Mkuu kile kipimo cha mstari kifanye kila jioni, na mama, na kijana, na shemeji, hata kama wote wanacheka. Akishindwa mtu mnashuka, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni saa tisa usiku.

Mpenda_Sirimon
Mimi naona mnamfungia huyu ndugu kwa Chogoria bure. Kuna njia ya nne hajaiandika. Aende Sirimon, usiku wa kwanza Nanyuki, wa pili alale getini mita 2,650, wa tatu wapande Old Moses, ni kilomita 9 za barabara ya kutembea polepole, halafu wakae hapo hapo Old Moses usiku wa pili, Shipton's wasiende kabisa. Mchana watoke bila mizigo waende bonde la Liki waone mlima, warudi. Upande wa Sirimon ni mkavu kuliko zingine zote, na hakuna kukwama matopeni. Waongozaji pia ni rahisi kupata Nanyuki. Na kumbuka mlangoni hawamruhusu mtu kwenda mlimani peke yake.

MtuWaNkubu
Hio ni plani nzuri siwezi kataa, na kwa usalama wa barabara Sirimon inatushinda. Lakini aliuliza kimya, na Old Moses Agosti kuna makundi yanapita kila siku kuelekea Lenana. Hata sisi tunaweza panga vizuri, getini Chogoria kuna mabanda na mahali pa kupiga hema, mita 2,950. Analala hapo kwanza, kesho yake anapanda Ellis, hio ni mita 500 tu.

Nyaboke_Kambini
Mkishamaliza kuchagua mahali naomba muongee vitu mtabeba manake hapo ndio familia inateseka. Mimi nilienda na vile vimtungi vidogo vya gesi vya duka la kawaida, jioni viliwaka vizuri, asubuhi saa kumi na mbili nikawasha kiberiti hakuna kitu, mtungi umejaa lakini gesi imekataa kutoka. Butane tupu ikifika karibu nyuzi 0 inakaa tu kama maji ndani ya mtungi. Nunueni iliyochanganywa na propane, na usiku mtungi ulale ndani ya blanketi na wewe. Ama kwa sababu mko na gari bebeni meko ya kilo 6, angalia tu ni propane imechanganywa na uifunge vizuri safarini. NA MSIPIKE NDANI YA HEMA hata baridi iwe aje, ile hewa chafu inaua watu usingizini.

Maharage na githeri mbichi sahauni. Maji huko Ellis yanachemka yakiwa nyuzi 88 hivi, utachemsha mchana kutwa na ndengu bado zinakwaruza meno. Pika nyumbani, gandisha, kule unapasha tu. Ugali unaiva lakini unataka subira.

Baridi ya usiku inashuka chini ya 0 na usiku wenyewe ni masaa kumi na mbili. Inatoka chini zaidi kuliko juu, kwa hivyo pesa ikiwa kidogo usinunue blanketi ya tatu, nunua godoro nzuri ya kuweka chini. Nguo za kulala ziwe kavu kabisa, zisitumike mchana. Maji ya kunywa ya asubuhi jaza sufuria usiku, likiganda unapasha hivyo hivyo, kopo likiganda hulifungui.

Chupa za plastiki za kutupa zimekatazwa kwa mbuga zetu tangu Juni 2020, bebeni madebe na chupa za chuma. Na moto wa kuni msiwashe huko juu. Mlima uliungua vibaya 2019, yale majani makavu yakishika hakuna mtu wa kuyazima.

BabaSalim_Msa
Nimewasoma wote mara mbili, na mamake Salim nimemsomea kile kisa cha zipu, kanyamaza kitambo kisha akasema safari ya usiku haiko tena. Basi tumepanga hivi, mnikosoe. Siku ya kwanza twatoka Mombasa asubuhi, twalala Nairobi kwa dadangu. Ya pili twaenda Chogoria twalala getini. Ya tatu na ya nne Ellis. Ya tano twashuka mpaka Nairobi, ya sita nyumbani. Chakula mamake atakaanga nyirinyiri, ile nyama kavu ya kuhifadhiwa kwa mafuta, na kutengeneza mahamri, supu tutabeba ya kugandishwa. Je, Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, tumeze?

Sista_Zamu
Sasa naipenda. Nairobi mko kama 1,700, geti 2,950, Ellis 3,450. Hio ya Nairobi kwenda getini bado ni ruka kubwa kwa hivyo siku hiyo msitembee sana, kuleni, kunyweni, laleni mapema. Mtu akiamka getini na kichwa kinauma na anatapika, Ellis hamuendi siku hio. Diamox ni ya kuandikiwa na daktari, kawaida mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla, lakini mwenye mzio wa dawa za salfa asiguse, na ya Salim lazima apimwe kwanza. Dawa za usingizi na pombe hapana.

Nyaboke_Kambini
Nyirinyiri ni sawa kabisa, inakaa na haitaki moto. Ila mafuta yake yataganda, beba kwa kopo la mdomo mpana mpate kuichota na kijiko.

MtuWaNkubu
BabaSalim, siku mnafika Chogoria msipande tu. Simameni stejini muulize vijana wa boda waliopeleka watu getini asubuhi hio, watawaambia imenyesha wapi na gari gani limekwama. Wakisema leo hapana, laleni mjini. Na muanze kupanda kabla ya saa sita mchana, ndovu wanapenda hio barabara jioni na hapo kwa mianzi hakuna mahali pa kugeuzia gari.